Manowari ya Bomba Tatu na Mume Asiyerudi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, makala yetu ya juma hili tunaianza kwa swali tuliloulizwa hapa Kehancha, baada ya sala ya Alasiri, na mama mmoja kijana aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya msikiti akiwangoja watoto wake watoke chuoni.

"Maalim," alituuliza, "mimi ni mke au ni mjane?"

Mumewe alivuka mpaka kwenda kutafuta riziki migodini, na huu ni mwaka wa saba. Miezi ya mwanzo alikuwa akipiga simu na kutuma fedha. Kisha fedha zikakatika, kisha simu ikawa haiiti. Hakuna aliyemwona akifa, wala hakuna aliyemwona akiwa hai. Wakwe zake wanasema ni mke wa mtoto wao na asitazame pengine. Majirani wanamwambia maneno mengine.

Nasi tulimjibu kwa haraka, kama mtu anayemlipa mdai kwa sarafu ya mfukoni: "Subiri, mwanangu. Subira ni ufunguo wa faraja." Akaitikia kwa adabu, akawashika watoto wake mkono, akaenda zake. Usiku ule hatukupata usingizi. Jibu tulilompa ndilo alilopewa nyanya wa mama yetu katika Mji wa Kale wa Mombasa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sisi wa nyumba ile tunajua lilimfikisha wapi.

Ili tueleze jambo hilo sawasawa, hatuna budi kuanza mbali kidogo, kwa manowari.

Wasomaji wetu wa Mombasa wanaijua mizinga miwili ya chuma iliyowekwa Fort Jesus. Wengi wetu tuliiona tangu utotoni, tukaipita kila siku kama tunavyoupita mti wa mtaani, bila kuuliza ilitoka wapi. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ni wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Zamani mizinga hiyo ilielekezeana midomo bandarini Unguja. Leo imekaa pamoja kama wazee wawili waliosahau ugomvi wao.

Königsberg ilijengwa Kiel, ikaanza kazi mwaka 1907, ikiwa na mizinga 10 mikubwa ya sentimita 10.5. Iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff, na watu wa mji wakatoka kuitazama. Jina lake lilikuwa zito midomoni, basi watu wa Pwani wakaiita manowari ya bomba tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu zilizosimama mstari mmoja. Jina hilo lilienea haraka kuliko lile la rasmi, na wazee waliendelea kulitumia hata baada ya chombo chenyewe kutoweka machoni.

Tarehe 31 Julai 1914, vita vikinukia, manowari ile iliondoka Dar es Salaam. Manowari za Kiingereza zilijaribu kuifuata, lakini mbio zake ziliwashinda, ikapotea baharini. Kazi yake ilikuwa kuwinda meli za biashara. Tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester katika bahari ya upande wa Aden na Oman, ikiwa imebeba chai kutoka Ceylon. Hiyo ikawa meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika vita vile. Wakaichukulia makaa yake ya mawe, kisha wakaizamisha.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ilipodhihiri shida yake kubwa. Chombo cha mvuke hula makaa kama tanuri linavyokula kuni, na Waingereza ndio walioshika bandari karibu zote zilizouza makaa. Mwindaji akawa kila siku anahesabu chakula chake. Kwa ajili hiyo, mwanzoni mwa Septemba, Königsberg iliingia kwa siri katika mdomo wa mto Rufiji, mahali ambapo mto unagawanyika vijito vingi katikati ya mikoko, ikatia nanga karibu na Salale.

Vita wakati huo vilikwisha kufika hata huku tulipo. Tarehe 12 Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana Kisii, na siku chache baadaye mizinga ya meli ililia Karungu, kwenye ufuo wa ziwa. Kwa Wakuria, ambao mpaka wa wakoloni ulikuwa umepita katikati ya malisho yao na kuwagawa ndugu wa ukoo mmoja, bendera mbili zilianza kugombana juu ya ardhi ambayo hakuna aliyewauliza wenyewe habari zake.

Ndipo ikaja Jumapili ya tarehe 20 Septemba. Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, haina uwezo wa kwenda mbele wala nyuma. Alfajiri, baada ya waumini kutoka misikitini, bomba tatu zikaonekana kwenye maji. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, hivyo Waingereza walirusha makombora yao yakaanguka majini, hali ya kwao yalikuwa yanaingia ndani ya chuma. Kwa muda usiozidi saa moja mambo yalikuwa yamekwisha. Mabaharia 38 wa Pegasus walipoteza maisha na zaidi ya 50 walijeruhiwa, na chombo chao kikazama siku hiyo hiyo. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yangalipo katika kisiwa kidogo cha Chapwani, na yanatunzwa mpaka leo.

Ushindi ule ndio uliokuwa mlango wa kifungo. Wakati manowari ikijiandaa kuendelea na safari, mtambo wake uliharibika. Looff hakuwa na la kufanya ila kurudi Rufiji, akaificha manowari ndani zaidi ya mikoko na kuifunika milingoti kwa matawi. Vyuma vilivyovunjika vilipelekwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Vilikwendaje? Kwa kamba, kwa magogo, na kwa mabega ya mamia ya watu wetu waliovivuta katika matope na misitu. Vitabu vya vita vinataja vyuma na siku vilizochukua. Waliovivuta hawatajwi hata mmoja kwa jina lake.

Waingereza, kwa hasira ya Pegasus, walituma manowari tatu, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kuitafuta moja. Walipekua pwani yote. Mwezi Oktoba, katika meli ya Kijerumani iliyokuwa imejificha Lindi, walikuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Salale. Karatasi moja ikafanya kazi iliyoshindwa na darubini zote. Ilipofika tarehe 30 Oktoba walikuwa wamekwisha kuiona milingoti yake juu ya miti.

Kuiona ni jambo moja, kuifikia ni jambo jingine. Manowari za Waingereza zilizama sana majini kiasi cha kutoweza kuingia katika vijito, na kingo zilikuwa na askari na mizinga. Mwezi Novemba wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuziba njia, lakini Rufiji ina midomo mingi. Wakaleta ndege, na joto na unyevu vikaziharibu mbao na vitambaa vyake. Wakamwajiri mwindaji wa ndovu, Pretorius, kupima kina cha vijito na kuchunguza kujaa na kupwa kwa maji. Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia wakakifanya kituo chao.

Ndani ya mikoko hali haikuwa bora. Homa ya malaria iliwaangusha mabaharia, makaa yalikuwa haba, na wengi wao walipelekwa kupigana nchi kavu. Mwezi Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Kidenmaki ilikuja kutoka Ujerumani kuwaletea makaa na silaha, ikakamatwa na mizinga ya Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena kubwa ya silaha iliokolewa ikawafaa askari wa bara, ila makaa hayakufika Rufiji. Tangu hapo manowari ya bomba tatu ilikuwa inangoja tu.

Mwisho Waingereza wakavuta kutoka Malta vyombo viwili, Severn na Mersey, ambavyo vilikuwa vimejengewa nchi ya Brazili kwa ajili ya mito. Vilikuwa vipana, vizito kwa mizinga, lakini havikuzama hata mita 2 majini. Tarehe 6 Julai 1915 viliingia mtoni, vikapiga siku nzima, vikarudi na maiti bila kumaliza kazi. Tarehe 11 Julai, Jumapili nyingine, siku mbili hivi kabla ya Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria, vikaingia tena. Safari hii ndege iliruka juu ikiwaeleza wapigaji, kwa simu ya upepo, kila kombora limeanguka wapi. Ndege yenyewe ilipigwa, na hata ikishuka kuanguka mtoni bado ilikuwa inatuma maelezo. Makombora yakaipata Königsberg, moto ukashika, nahodha akajeruhiwa. Looff akaamuru chombo chake kilipuliwe kwa mikono ya watu wake kisije kikatekwa, kikakaa juu ya matope.

Mizinga yake yote 10 ilitolewa mtoni, ikavutwa hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu. Mmoja ulipelekwa Kahe, mwingine ulifungwa katika meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo tunaiita Liemba. Wajerumani hawakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918. Hata mizinga ya Pegasus, iliyotolewa chini ya maji ya Unguja, ilipewa magurudumu ikavutwa katika vita hivyo hivyo. Kila mzinga ulipokwenda, ulikwenda na watu wa kuuvuta, na wa kubeba makombora yake, na wa kubeba unga wa wale wanaobeba makombora.

Sasa tunarudi nyumbani kwetu.

Babu wa mama yetu alikuwa mtu wa bahari, mchukuzi wa forodhani, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilipowakusanya wanaume wa Kenya kwa nguvu ili wawe wapagazi, naye alichukuliwa. Kikosi kile kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ndimi zetu zilifanya Kariakoo, na mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi imelibeba jina hilo mpaka leo. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, Rufiji ukafurika, na wapagazi walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko walivyokufa kwa risasi. Idadi yao ni makumi ya maelfu.

Vita vilipokwisha, mwenzake mmoja alirudi Mombasa. Akaja mlangoni kwa mkewe, akasimama nje, akasema: "Nilimwacha Rufiji, mgonjwa." Hakusema kwamba alimzika. Hakusema kwamba alimsalia. Alisema alimwacha mgonjwa tu, kwa kuwa alikuwa mkweli na hakutaka kuongeza neno ambalo macho yake hayakuliona.

Basi mama yule alikwenda kwa wazee wa mtaa na swali lile lile tuliloulizwa hapa Kehancha. Nao, Mungu awarehemu, wakamwambia: subiri. Alikuwa bado hajafika miaka 25. Alisubiri hadi meno yakamtoka. Hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia amefiwa. Hakuolewa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia yuko huru. Kanzu ya mumewe aliifua na kuianika kila mwaka kabla ya Idi, akairudisha sandukuni. Mama yetu, aliyemkuta akiwa kikongwe, alitusimulia kwamba kila mtu akibisha hodi jioni, nyanya yake alikuwa akinyanyuka kwanza, kisha ndipo anauliza ni nani.

Tulipokuwa tukijigeuza kitandani usiku ule, jambo moja lilitukaa kifuani. Manowari ilipopotea katika mto Rufiji, ilitafutwa miezi na miezi kwa manowari, kwa ndege, kwa wapelelezi, kwa vyombo vilivyovutwa kutoka Malta, mpaka ikajulikana ilipo kwa kipimo cha hatua. Mpagazi alipopotea katika mto huo huo, hakutafutwa na yeyote. Na mkewe aliambiwa asubiri, kana kwamba subira ni mbadala wa kutafuta. Sisi nasi, tuliosoma, tukaenda tukamwambia mwanamke mwingine vivyo hivyo.

Mtu aliyetoweka bila habari fiqhi inamwita mafkudi, na wanazuoni hawakuiacha hukumu yake bila maelezo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kuna kauli mbili. Kauli yake ya zamani, iliyofuata hukumu ya Sayyidna Umar, ni kwamba mke hungoja miaka 4, kisha hukaa eda ya kufiwa, yaani miezi 4 na siku 10, kisha yuko huru. Kauli yake mpya ni kwamba haolewi mpaka upatikane uhakika wa kifo au wa talaka. Yapo pia mazingatio ya mke aliyekosa nafaka. Kuchagua na kuhukumu katika jambo hilo si kazi ya mwalimu wa chuo kwenye baraza ya msikiti, bali ni kazi ya Kadhi, naye Katiba ya nchi yetu imempa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kosa letu lilikuwa kutoa kwa maneno matatu hukumu isiyokuwa yetu, na kuufunga mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwake pamoja na mama watoto wetu, tukamtaka radhi. Alishangaa kidogo, akatuwekea viti. Tukaandika pamoja: jina kamili la mumewe, siku aliyoondoka, siku ya simu ya mwisho, majina ya waliofuatana naye. Chifu akatoa barua, na polisi wakaandikisha habari za mtu aliyepotea. Tukamwandikia imamu mwenzetu wa upande wa Tarime, naye akaahidi kulisoma jina lile mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, Ijumaa tatu mfululizo. Mbili zimekwisha kupita bila ya mtu kujitokeza. Shauri limefunguliwa mbele ya Kadhi na siku ya kusikilizwa imepangwa. Hatujui hukumu itakuwa ipi. Lakini juzi, alipowaleta watoto, alituambia: "Maalim, sasa angalau kuna mtu anamtafuta."

Basi, ndugu zetu, tunawausia mambo matatu. Mwanamume anayesafiri kwenda mbali, iwe ni Ghuba, iwe ni migodini, iwe ni baharini, aache maandishi mbele ya mashahidi: anakwenda wapi, kwa nani, na mkewe afanye nini habari zikikatika. Anaweza hata kumwachia mtu mwaminifu wakala wa talaka kwa muda maalumu, na hilo ni kumwonea huruma mkewe, si kumtakia ndoa yake shari. La pili, aliye na mume, baba au ndugu aliyetoweka asikae na fumbo moyoni. Aende kwa Kadhi, na wakwe wasimzuie. La tatu, kila nyumba iulize wazee wake waliobaki: nani wa kwetu alichukuliwa Kariakoo asirudi? Liandikeni jina lake, mumwombee dua kwalo. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi Chapwani, na Königsberg ina mzinga Fort Jesus. Wetu hawana ila sisi.

Babu yetu yule jina lake tumeliandika ukurasa wa kwanza wa msahafu wa nyumbani. Mama yetu ndiye aliyetutajia, kabla hajafariki.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliolala Rufiji bila ya kusaliwa, awape wanaongoja faraja ya karibu, na atusamehe sisi tunaojibu kabla ya kufikiri. Amin. Tukutane juma lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.